Ruwenzori: Kazi ya Barafu na Mguu wa Mtalii



Ninyi mkaao Beni, Mutwanga au katika bonde la Semliki mwalijua vema jambo hili: asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, mlima huonekana kitambo kidogo, na huko juu kabisa mna weupe ung'aao kama chokaa. Halafu mawingu huufunika, na pengine juma zima lapita mlima usionekane tena. Weupe huo ni theluji na barafu. Wanande, na ndugu zao Wakonzo wa ng'ambo ya Uganda, huuita nzururu.

Leo tutazungumza habari za barafu hiyo: namna ilivyouchonga mlima, namna inavyokwisha, na namna wageni wajao kuutazama mlima wanavyoweza kuusaidia au kuuharibu. Wanafunzi wasome kwa makini, maana haya yamo katika somo la jiografia. Wazazi nao wasiliweke gazeti kando, maana habari hii mwisho wake ni habari ya maji, na maji ni neno la kila nyumba.

Mlima usiozaliwa na moto

Yafaa kwanza tujue Ruwenzori ni mlima wa namna gani. Milima mingi mikubwa ya pande zetu ilizaliwa na moto wa chini ya nchi. Ndivyo ilivyo Nyiragongo na Nyamulagira karibu na Goma. Ndivyo ilivyo Kilimanjaro wa Tanzania na mlima Kenya. Ruwenzori sivyo. Ni kipande kikubwa cha mawe ya kale sana, kilichosukumwa juu wakati nchi ya pande zake ilipodidimia na kufanya lile bonde kubwa la ufa. Kilipanda polepole katika muda wa miaka milioni chache, na kwa umri wa milima hiyo ni utoto tu. Urefu wake toka kusini hata kaskazini ni kilometa 120 hivi, na mpaka wa Kongo na Uganda umepita juu yake.

Tena si mlima mmoja. Vilele vyake virefu vimekusanyika katika milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Henry Morton Stanley aliiona theluji ya Ruwenzori katika mwaka 1888. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa wafalme wa Italia, alifika na watu wake akavipanda vilele vikubwa na kuvichora katika ramani. Kilele kipitacho vyote alikiita Margherita, jina la malkia wa Italia. Nacho kina meta 5,109. Jirani yake ni Alexandra, jina la malkia wa Uingereza, chenye meta 5,091. Katika Afrika yote, ni Kilimanjaro na Kenya tu izidiyo Ruwenzori kwa kimo. Hayo ndiyo majina ya ramani. Lakini wenyeji walikuwa wakiwinda katika mabonde yake na kuheshimu vilele vyake zamani sana kabla ramani haijachorwa.

Mto ulio mgumu kama jiwe

Huenda mwanafunzi atauliza: barafu yatoka wapi katika nchi ya jua kali, karibu kabisa na mstari wa ikweta? Jibu ni kimo. Kila upandapo meta 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Basi mtu wa bondeni akiwa anatoka jasho, juu ya meta 4,800 mvua huanguka mara nyingi kama theluji. Theluji ya leo huilalia theluji ya jana. Ile ya chini hubanwa na uzito wa ile ya juu, hewa iliyomo ndani yake hutoka, nayo hugeuka kuwa barafu ngumu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Barafu nyingi ikilala mtelemkoni haitulii. Uzito wake wenyewe huisukuma, nayo hutelemka polepole mno. Pengine sentimeta chache tu kwa siku. Mtu akiitazama hataona lolote, sawasawa na mtu atazamaye mshale wa saa. Lakini hakika inakwenda. Ndiyo sababu twaiita mto wa barafu.

Mto huo ni fundi mwenye vyombo viwili. Chombo cha kwanza ni mawe. Barafu huyabeba mawe chini ya tumbo lake, ikayakokota juu ya mwamba kwa uzito mkubwa, kama seremala apitishaye randa juu ya ubao. Mwamba hulainika, na michirizi hubaki juu yake. Atazamaye michirizi hiyo aweza kujua barafu ilikuwa ikielekea wapi. Chombo cha pili ni maji. Mchana maji huingia katika nyufa za mwamba, na usiku huganda. Maji yakiganda huvimba, basi mwamba hupasuka, na barafu ipitapo hung'oa vipande na kwenda navyo.

Alama za fundi

Mto wa maji huchimba bonde jembamba chini, lenye umbo la herufi V. Mto wa barafu hulijaza bonde zima toka ukuta hata ukuta, hulipanua na kuikata miguu ya milima ya kando, hata bonde likapata umbo la herufi U: chini bapa, kuta zimesimama. Mabonde ya juu ya Ruwenzori, kama lile la Bujuku upande wa Uganda, yako hivyo. Vijito vya kando, ambavyo barafu yake ilikuwa ndogo isiweze kuchimba sana, vimeachwa juu ukutani. Maji yake yafikapo ukingoni huanguka kama maporomoko.

Karibu na vilele barafu ilichimba mabakuli makubwa katika mwamba. Bakuli moja likichimbwa upande huu na jingine upande ule, kati yao hubaki ukuta mwembamba wenye makali kama panga. Mabakuli yakizunguka kilele pande zote, kilele huchongoka. Ndiyo maana Ruwenzori waonekana kama meno, wala hauna kichwa cha mviringo kama Kilimanjaro.

Na vifusi vyote vile vilikwenda wapi? Barafu iliviweka kando yake na mbele yake, pale ilipoyeyukia, ikafanya matuta marefu ya mawe, mchanga na udongo. Matuta hayo wataalamu huyaita moreni. Mtu apandaye toka Mutwanga hupita vibanda vya wasafiri vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, na cha mwisho, karibu na barafu yenyewe, chaitwa kwa Kifaransa Moraine. Jina hilo ni somo zima. Njiani huko juu yumo Lac Noir, na Lac Vert, na Lac Gris, maziwa madogo yaliyokaa katika mashimo ambayo barafu iliyachimba.

Moreni zatufundisha pia ukubwa wa barafu ya kale. Upande wa Uganda, katika bonde la Mubuku, zaonekana hata chini ya meta 2,300, mahali ambapo leo pana msitu mnene. Maana yake, miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi kali, mito ya barafu ilitelemka hata huko. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Tope la chini ya ziwa Mahoma, lililokaa kati ya moreni karibu na meta 3,000, lilipochunguzwa lilionyesha ya kuwa barafu iliondoka mahali pale zaidi ya miaka 14,000 iliyopita.

Barafu yapungua

Basi kurudi nyuma kwa barafu ni jambo la kale. Lililo jipya ni mbio zake. Katika mwaka 1906 milima yote sita ilikuwa na barafu, nayo ilihesabiwa mito ya barafu 43 yenye jina, ikifunika kilometa mraba 7.5 hivi. Katika mwaka 2003 wataalamu walipopima walikuta kilometa mraba 1 hivi tu, na katika milima mitatu peke yake: Stanley, Speke na Baker. Tangu hapo imezidi kupungua. Mahali ambapo zamani wapandaji walivuka juu ya barafu, leo viongozi wa njia huvuka kwa ngazi na kamba. Shirika la Hali ya Hewa la Dunia lilisema katika mwaka 2021 ya kwamba, mambo yakienda kama yanavyokwenda, barafu yote ya Afrika, yaani ya Ruwenzori, ya Kilimanjaro na ya mlima Kenya, itakuwa imekwisha katika miaka ya 2040.

Sababu ni nini? Wataalamu wamebishana: wengine huonyesha joto la hewa lililoongezeka, wengine ukavu na upungufu wa mawingu. Mambo hayo mawili hushikana mikono. Lakini kuhusu dunia nzima hakuna tena mashaka: joto limeongezeka, na chanzo chake kikubwa ni moshi wa makaa na mafuta yachomwayo viwandani, katika magari na katika ndege. Sehemu ya Afrika katika moshi huo ni ndogo sana. Mkulima wa Mutwanga hakuiyeyusha barafu ya mlima wake.

Je, maji yatakwisha?

Hapa watu wengi hushikwa na hofu. Wasema: barafu ikiisha, mito yetu itakauka. Hofu hiyo yaeleweka, lakini tuipime kwa hesabu. Wataalamu walioupima mto Mubuku, utokao katika barafu ya upande wa Uganda, walikuta ya kuwa chini ya mlima maji yatokayo barafuni hayafiki sehemu 2 katika mia. Yaliyobaki yote ni maji ya mvua. Na mvua ya Ruwenzori ni nyingi. Mahali pengi hupita meta 2 kwa mwaka.

Basi kama maji ni ya mvua, mbona mito haijai siku moja na kukauka siku ya pili? Kwa sababu mvua hiyo yazuiliwa. Inazuiliwa na msitu. Juu ya msitu inazuiliwa na miti ya erika iliyovikwa kuvumwani kama manyoya. Na juu zaidi, katika sakafu bapa za mabonde na katika mabakuli ya mwamba, inazuiliwa na vinamasi na maziwa madogo. Vinamasi hivyo ni sifongo ya mlima. Hunywa maji ya mvua kubwa, kisha huyatoa kidogo kidogo wakati wa jua. Maji hayo hutelemka upande wa Uganda na upande wa Kongo, na mwisho, kwa njia ya Semliki na ziwa Albert, yote huingia katika Nile.

Na ni nani aliyetengeneza sakafu zile bapa, na mabakuli yale, na matuta yale yazuiayo maji? Ni barafu. Fundi anaondoka, lakini mitungi aliyoifinyanga ingali imejaa, nasi twanywa humo. Huko Mutwanga, tangu mwaka 2013, maji ya mto Butahu utokao Ruwenzori huzungusha mashine za umeme zilizojengwa na Parki ya Taifa ya Virunga, na taa zikawaka katika nyumba na karakana. Mtu awashaye taa hiyo hana haja ya kujua neno moreni. Hata hivyo anakula matunda ya kazi ile.

Mguu wa mtalii

Sasa tuje kwa wageni. Upande wa Kongo mlima umo ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanza mwaka 1925 kwa jina la Parki ya Albert, nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Upande wa Uganda Parki ya Ruwenzori iliwekwa mwaka 1991, ikaingizwa katika orodha hiyo mwaka 1994. Kwa ajili ya vita na mauaji yaliyoitesa nchi ya Beni, wapandaji walio wengi wamekuwa wakipita upande wa Uganda. Hata huko njia zilifungwa tangu 1997 hata 2001 kwa sababu ya waasi. Amani ikirudi, wageni watarudi Mutwanga pia. Ndiyo sababu yafaa tufikiri mapema.

Tuseme haki: utalii huleta faida. Mpagazi hupata mshahara, kiongozi wa njia hupata kazi yenye heshima, mwanamke wa kijijini huuza viazi na mboga. Katika Uganda sheria yaamuru sehemu 20 katika mia ya ada za kuingia parki zipewe wenyeji wa jirani. Tena mlima utazamwao na watu wa mbali hupata watetezi, nao usiotazamwa na mtu huenda ukakatwa miti yake kimya kimya.

Lakini tuseme na madhara yake. La kwanza ni matope. Njia za juu hupita katikati ya vinamasi. Mtalii wa kwanza hukanyaga fundo la majani. Wa ishirini hulikuta limekufa, limekuwa tope. Yule ajaye nyuma, akiogopa kuzama hata magotini, huzunguka kando na kukanyaga majani mapya. Hivyo njia iliyokuwa nyembamba huwa pana kama barabara. Katika baridi ile mimea hukua polepole mno, na jeraha la siku moja huchukua miaka kupona. Kumbe ni sifongo ile ile tuliyoitaja, nayo inapasuliwa kwa viatu.

La pili ni moto. Mpagazi apandaye mpaka meta 4,000 bila sweta wala blanketi ya kutosha hufanya nini usiku? Hukata erika na senesio zilizo karibu na kibanda, awashe moto, aokoe uhai wake. Senesio moja kubwa ina umri wa miaka mingi. Katika mwaka 2012 moto uliunguza mimea ya Ruwenzori hata juu ya meta 4,000, mahali ambapo watu walidhani unyevu hauwezi kuruhusu moto kabisa. Mlima unaozidi kukauka haustahimili tena uzembe wa kaa moja.

La tatu ni uchafu: mikebe, plastiki, na vyoo vilivyochimbwa karibu mno na kijito. Kilichotupwa juu huwafikia walio chini, maana maji hayapandi mlima. Na la nne ni jambo la ajabu kidogo. Watu wasikiapo ya kuwa barafu ya Ruwenzori karibu itakwisha, hufanya haraka kuja kuiona kabla haijakwisha. Na wengi huja kwa ndege, ambayo moshi wake ni miongoni mwa mambo yaiyeyushayo barafu hiyo hiyo.

Nani achukue mzigo?

Ni rahisi kumlaumu mpagazi mwenye shoka, lakini si haki. Mtalii ana koti la manyoya, hema, na jiko dogo la gesi. Mpagazi ana shati na njaa. Akitaka senesio isikatwe, mwenye safari hana budi kumpa mpagazi nguo za baridi, blanketi, na mafuta ya taa ya kupikia, na kuyahesabu hayo ndani ya bei ya safari. Amri bila blanketi haizuii shoka.

Vivyo hivyo kwa vinamasi. Upande wa Uganda, katika kinamasi cha Bigo kilicho njiani kwenda Bujuku, wameweka njia ya mbao, ili miguu ipite juu na majani yapone chini. Mbao huoza katika unyevu ule, nazo zahitaji fundi na fedha kila mara. Fedha hizo zitoke wapi, ikiwa si kwa yule apitaye juu yake? Kisha makundi yawe madogo. Kila kilichopandishwa kitelemshwe. Na vyoo viwe mbali na maji. Sheria hizi ni nyepesi, na hakuna hata moja imzuiayo mgeni kuuona mlima.

Nasi tulio chini tuna neno letu. Ada za watalii zigawanywapo, wazee wa vijiji waulize zimeingia ngapi na zimefanya nini, maana mwenye kunywa maji ya mlima ana haki ya kujua bei inayotozwa kwa kuutazama. Walimu wa Mutwanga na Beni wanaweza kuwapeleka wanafunzi kandokando ya mto Butahu, mahali palipo salama, wawaonyeshe mawe ya mviringo yaliyoletwa na mto, na kuwauliza: haya yametoka wapi, na nani aliyeyang'oa kwanza? Mtoto ajuaye jibu hataona tope la kinamasi kuwa kitu cha kukanyagwa ovyo.

Barafu ya Ruwenzori huenda wajukuu wetu wasiione, wakalisikia neno nzururu kama jina la kitu cha hadithi. Hilo hatuwezi kulizuia peke yetu hapa Kivu. Lakini mabakuli, vinamasi na maziwa yaliyoachwa na barafu yatakuwapo, na mvua itazidi kunyesha juu yake. Kama watu wa siku zile watachota maji safi wakati wa kiangazi, au watapata tope na mafuriko, jambo hilo litategemea sana miguu, mashoka na mioto ya siku hizi zetu.